Bakalau na viazi vya kuoka: soma dalili, tafuta kosa lilipoanzia

Trei ya bakalau (samaki wa bahari ya baridi aliyetiwa chumvi na kukaushwa) na viazi ikitoka imeharibika, wa kwanza kulaumiwa ni oveni. Mara moto haukutosha, mara ulizidi. Kwa chakula hiki oveni husingiziwa sana. Kazi yake ni ya dakika 10 hadi 15 tu, tena kila kilichomo ndani ya trei kimeshaiva. Kasoro karibu zote huwa zimeshaingia mapema: kwenye beseni la kulowekea samaki, kwenye sufuria, au kwenye kikaango cha vitunguu. Ndiyo maana kucheza na moto wa oveni mara nyingi hakutibu kitu.

Ninachokizungumzia hapa ni Bacalhau à Gomes de Sá, chakula cha mji wa Porto, kaskazini mwa Ureno. Jina limetoka kwa José Luís Gomes de Sá Júnior, mtu wa Porto aliyekuwa katika biashara ya bakalau karne ya 19, na mapishi yake yalijulikana kupitia mgahawa wa Lisbonense wa mji huohuo. Mengi yaliyomo humu yanafaa pia kwa trei nyingine za bakalau na viazi, kwa sababu samaki ni yuleyule na huharibika kwa njia zilezile.

Kabla ya kutafuta umepotea wapi, iweke njia yenyewe kichwani. Kwa watu wanne: bakalau mkavu gramu 500, viazi mviringo gramu 500 hadi 700, vitunguu maji viwili vikubwa, kitunguu saumu punje moja au mbili, mafuta ya zeituni desilita moja na nusu, maziwa ya kumfunika samaki, mayai manne, zeituni nyeusi, pasili na pilipili manga. Samaki analowekwa siku moja hadi tatu. Anamwagiwa maji yaliyochemka, sufuria inafunikwa na kuzungushiwa kitambaa kizito, anakaa humo dakika 20 bila moto. Anatolewa ngozi na miiba, mnofu unafunguliwa vipande vikubwa na kufunikwa kwa maziwa ya moto kwa saa moja na nusu au zaidi. Vitunguu na saumu vinaiva polepole ndani ya mafuta mpaka vipate rangi ya dhahabu. Viazi vilivyochemshwa na maganda yake vinamenywa, vinakatwa, vinaingia pamoja na samaki, vinageuzwa taratibu. Vyote vinahamia kwenye trei, oveni ya nyuzi 200. Mayai, zeituni na pasili huwekwa juu chakula kikishatoka.

Chumvi kali

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina sura tatu ambazo si vizuri kuzichanganya.

Sura ya kwanza: vipande vyembamba viko sawa, vinene vinaunguza ulimi. Hapo kosa ni la muda. Samaki mmoja ana unene tofauti: ubavu wa tumbo na mkia ni vyembamba, mgongo unaweza kufika sentimita 3 au 4. Chumvi hutoka katikati ya nyama kwa kupenya polepole kuelekea kwenye maji, na unene ukizidi mara mbili, muda hauzidi mara mbili bali karibu mara nne. Kwa hiyo mkia hutosheka kwa siku moja wakati mgongo unataka mbili hadi tatu. Kata samaki kabla ya kumloweka, tenga vinene na vyembamba kwenye mabeseni mawili. Kama una beseni moja tu, vyembamba vitangulie kutoka.

Sura ya pili: chumvi imeenea trei nzima, kila kipande. Hapo kosa ni la maji, ama yalikuwa machache ama hayakubadilishwa. Piga hesabu. Bakalau mkavu hubeba chumvi inayokaribia sehemu moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo gramu 500 za samaki zina kama gramu 100 za chumvi. Ukimtia kwenye lita moja ya maji na kumwacha mpaka kesho, maji na samaki vinafika mahali vinalingana, na hapo umepata maji yenye chumvi zaidi ya mara mbili ya maji ya bahari. Samaki anaogelea humo usiku kucha na hakuna kinachotoka tena. Mtie kwenye lita tano, badilisha kila saa 6 hadi 8, uone tofauti. 

Halafu namna samaki anavyolala ndani ya beseni nayo ina maana. Maji yaliyokolea chumvi ni mazito, hushuka chini. Samaki akilala sakafuni mwa beseni, analala ndani ya chumvi yake mwenyewe. Weka chujio au kiwavu chini ili ainuke kidogo, na ngozi iangalie juu, mnofu chini, kwa sababu ngozi huzuia chumvi isitoke. Vipande visilaliane.

Wenye haraka hutumia maji ya moto. Maji ya moto hupika nje ya kipande, ndani kukabaki na chumvi, na sasa umeongeza tatizo la ugumu juu ya tatizo la chumvi.

Sura ya tatu ndiyo inayowachanganya watu: samaki alipoonjwa peke yake alikuwa sawa, lakini chakula kimetoka na chumvi. Basi chumvi imetoka kwingine. Je, viazi vilichemshwa kwa maji ya chumvi? Vitunguu vilitiwa chumvi ili vilainike haraka? Zeituni zilitoka kwenye maji yake ya chumvi moja kwa moja mpaka kwenye trei, bila kusuuzwa? Au kuna mtu alitia kidonge cha mchuzi? Kwa chakula hiki hakuna chumvi inayoingia mpaka mwisho, ukishaonja vyote vikiwa pamoja. Mara nyingi haitahitajika.

Namna ya kuonja nayo ina makosa yake. Wengi humega kipande cha ukingoni, kwa kuwa ndicho kinachomegeka kwa urahisi, wakafurahi. Ukingo ndio unaotoka chumvi kwanza. Chukua kisu chembamba, fungua sehemu nene kuliko zote mpaka katikati, toa kipande kidogo, kiivishe kwenye maji matupu, uonje. Kiwe na chumvi unayoitaka mdomoni, si zaidi, maana maziwa yatapunguza kidogo na zeituni zitarudisha.

Kuokoa. Ukigundua kabla ya kuchanganya, njia nyepesi ni maziwa. Funika vipande kwa maziwa ya moto, subiri saa moja, mwaga, rudia. Vipande vilivyofunguliwa vinatoa chumvi haraka kuliko kipande kizima. Ukigundua baada ya kuchanganya, chemsha viazi zaidi bila chumvi, ongeza kitunguu kilichoiva bila chumvi, ugawe chakula kwenye trei mbili. Ile hadithi ya kutupia kiazi kibichi kimoja kikanyonya chumvi yote iache. Kiazi hunyonya maji pamoja na chumvi iliyomo, na kilichobaki kina ukali uleule. Kinachosaidia ni wingi wa viazi visivyo na chumvi unaovila pamoja na samaki.

Samaki amepooza

Hii ni kinyume chake, na huwapata waangalifu. Siku tatu ni za mgongo mnene. Ukimpa mkia siku tatu unabaki na pamba. Wako pia wanaomchambua samaki akiwa bado mkavu ili alowane haraka, wakamwacha usiku kucha. Vipande vidogo hutoa chumvi kwa saa chache tu, ladha ikaondoka nayo.

Ladha iliyokwenda na maji hairudi, lakini chakula kinaweza kusimama. Tia chumvi kwenye mafuta ya vitunguu yakiwa moto ili isambae, si juu ya trei. Ongeza zeituni, saumu na pilipili manga. Usimwache kwenye maziwa muda mrefu, dakika 20 zinatosha kumlainisha.

Mnofu mgumu, wa nyuzinyuzi

Aliyekulia pwani anajua papa mkavu: unamchemsha, unamwaga maji, unamchemsha tena, halafu tui la nazi linamaliza kazi. Papa anastahimili. Ukiuleta mkono huohuo kwa bakalau umemharibu. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa wapishi wetu walioko Ulaya, na linatoka kwenye uzoefu mzuri kabisa uliotumika mahali pasipo pake.

Mnofu wa bakalau umepangika kwa tabaka pana zilizoshikwa na utando mwembamba. Ukipata joto la wastani, utando unalegea na tabaka zinaachana zenyewe, zinang'aa, zinateleza kidogo. Ndiyo sura inayotafutwa. Chumvi iliyokaa ndani ya nyama kwa miezi imeshabadilisha protini zake, hivyo uwezo wa kushika maji umepungua. Ukimchemsha kwa maji yanayotokota, maji yaliyobaki yanakamuliwa nje, tabaka zinasinyaa, na unapata nyuzi zinazokwama kwenye meno. Kurudi laini hakuna.

Dalili za njiani: maji ya sufuria yamekuwa meupe na yana povu zito, vipande vimejikunja, na ukivibonyeza vinarudi kama mpira. Ukiona hivyo, toa mara moja.

Ndiyo maana njia ya Porto haimchemshi samaki. Anamwagiwa maji yaliyochemka, anafunikwa, joto linashuka lenyewe. Kitambaa kinachozungushwa kwenye sufuria kinalizuia lisishuke upesi mno. Baada ya dakika 20 tabaka zinafunguka kwa kidole. Kama kipande kinene bado kinashikilia mfupa, kirudishie maji mengine ya moto dakika chache, bila moto chini.

Akishakuwa mgumu, usimpeleke kwenye trei akiwa vipande vikubwa. Mchambue nyuzi kabisa, mchanganye na viazi vilivyopondwa, yai na pasili, umkaange kama katlesi. Wareno wenyewe wana vitafunwa vya namna hiyo, pastéis de bacalhau, na pale nyuzi ni sifa. Kwa trei, tafuta samaki mwingine.

Kuna ugumu wa aina nyingine: nje laini, katikati pamekauka kama ubao. Huyo hakulowana. Maji hayakufika ndani, na dawa yake ni ileile ya muda niliyoieleza kwenye chumvi.

Utelezi, shombo, rangi za ajabu

Hapa acha mapishi kwanza, fikiria tumbo. Bakalau mkavu anakaa miezi bila kuoza kwa sababu ya chumvi na ukavu. Ukimloweka, unaiondoa kinga hiyo kwa makusudi. Nje inabaki bila chumvi saa nyingi kabla ya katikati. Jikoni kukiwa na joto la nyuzi 28 au 30, nje inaanza kuvunda wakati ndani bado ni chumvi tupu. Utelezi juu ya mnofu, maji mazito yenye mapovu, harufu inayochoma pua: kosa ni kulowekea mezani badala ya kwenye friji. Mtupe. Maziwa hayaondoi uvundo, yanaufunika tu.

Tofautisha na harufu ya kawaida. Bakalau ana harufu kali hata akiwa mzima, na maji ya kwanza ya kulowekea yananuka. Maji ya pili na ya tatu yanapaswa kunuka kidogo zaidi ya yale ya samaki wa kawaida. Harufu ikiwa inapanda badala ya kushuka, kuna jambo.

Rangi: njano ya majani makavu si kasoro. Kuna bakalau wa Kireno anayetengenezwa kwa makusudi awe na rangi hiyo, na ana bei. Wekundu au uwaridi juu ya ngozi na mnofu ni vijidudu vinavyopenda chumvi. Akiwa na wekundu na mnofu umelegea, usimnunue. Madoadoa ya kahawia kama pilipili manga iliyosagwa ni ukungu unaostahimili chumvi, na huja samaki akihifadhiwa mahali penye unyevu na joto.

Kabla hujailaumu mikono yako, soma pia karatasi ya dukani. Bakalau halisi wa Atlantiki ni Gadus morhua, samaki wa maji baridi asiyepatikana kwenye bahari ya Ureno; wengi wanaouzwa huko leo hutoka Norway na Iceland. Zamani meli za Kireno zilimfuata hadi Newfoundland na Greenland, mpaka samaki wa Newfoundland wakapungua vibaya hata Kanada ikafunga uvuvi wake mwaka 1992. Bei yake si ya mchezo, na madukani utakuta samaki wengine wa chumvi wa ukoo wa karibu, kwa mfano Molva molva na Pollachius virens, walio rahisi. Si wabaya, lakini hawafunguki tabaka pana zilezile, na Pollachius ana mnofu wa kijivujivu. Ukitumia mmoja wao halafu ukakosa vipande vinavyong'aa, tatizo halikuwa kwenye mapishi.

Maji chini ya trei

Inamisha trei. Kinachokusanyika kwenye kona kikiwa cha dhahabu na kinang'aa, ni mafuta, na kiasi fulani kinatakiwa. Kikiwa cheupe au cha kijivu, chembamba, ni maji, na yana milango minne.

Samaki hakukamuliwa. Baada ya maziwa, mweke kwenye chujio dakika 15, kisha umkaushe kwa kitambaa safi bila kumponda. Ukinunua yule anayeuzwa akiwa ameshatolewa chumvi na kugandishwa, myeyushe kwenye friji usiku mzima ndani ya chujio lililowekwa juu ya bakuli, na utashangaa maji yanayotoka.

Vitunguu havikuiva. Kitunguu kibichi ni maji matupu, na dakika 15 za oveni hazitoshi kuyakausha. Kwanza visikike vikichemka kwenye kikaango kwa mlio mzito. Maji yakiisha mlio unageuka kuwa wa kukaanga, mwepesi na mkavu. Usihamishe kitu kwenye trei kabla ya mlio kugeuka.

Viazi viliachwa kwenye maji yake. Mwaga maji mara tu vikiiva, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo dakika moja ili mvuke uondoke.

Mlango wa nne ni maziwa yaliyomwagwa ndani ya trei. Maziwa ya Gomes de Sá ni ya kumlainishia samaki. Kazi yake ikiisha hayasafiri na chakula. Anayetaka trei yenye urojo mweupe anatafuta chakula kingine, bacalhau com natas, ambacho kina sosi yake nzito ya krimu. Hicho nacho kikikatika, chanzo huwa krimu yenye mafuta machache iliyochemshwa kwa nguvu.

Kuokoa ni rahisi: nyonya maji kwa kijiko, rudisha trei wazi dakika tano, nyunyiza mafuta mabichi ya zeituni ukitoa.

Kavu, au mafuta yanaogelea

Desilita moja na nusu ya mafuta huonekana nyingi, na mtu anayejali afya hupunguza mpaka vijiko vitatu. Kisha analalamika chakula kinakwama kooni. Samaki huyu hana mafuta mwilini mwake, mnofu wake ni mkavu kwa asili, na viazi vinanyonya. Mafuta ndiyo sosi ya chakula hiki. Ukitaka kupunguza, punguza chakula chote.

Mafuta yakizidi mpaka viazi vinaogelea, kwa kawaida viazi vilikuwa vichache au vilikuwa vya aina isiyonyonya. Mimina ya ziada kwenye kikombe. Kesho yanafaa sana kukaangia mayai.

Viazi vimevurugika

Trei imekuwa uji, samaki haonekani. Aina ya kiazi ndiyo inayoamua. Kiazi cha unga, kile kinachopasuka kikiiva na kinachofaa kuponda, hakistahimili kugeuzwa. Chukua chenye mnofu mbano, unaobaki na kona baada ya kukatwa. Kichemshe na ganda lake kuanzia maji baridi, kwa moto wa kadiri, ukitoe kisu kinapoingia kwa shida kidogo katikati. Kipoe kabla ya kukatwa: kiazi cha moto hubomoka, kilichopoa hukatika duara safi la unene wa nusu sentimita au zaidi. Na ukigeuza, tikisa kikaango au inua kutoka chini kwa mwiko mpana. Usikoroge.

Viazi vigumu ni kesi ya wanaoviweka vibichi kwenye trei wakitegemea oveni. Dakika 15 haziivishi kiazi kibichi, na ukiongeza muda mpaka kiive, samaki amekwisha. Ukiwa umetia divai nyeupe au limau mapema, ndiyo umezidi kukifunga, kwa sababu tindikali huzuia kiazi kulainika. Hapa hakuna ujanja: toa samaki, funika trei kwa foili na vijiko viwili vya maji, viive, halafu mrudishe samaki.

Kiazi chenye sehemu ya kijani chini ya ganda kina uchungu na si salama. Kata sehemu hiyo yote, au tupa.

Uchungu

Kitu cha kwanza kuonja ni saumu. Ikiingia pamoja na vitunguu mwanzoni, inafika kahawia wakati vitunguu ndiyo kwanza vinalainika, na saumu iliyoungua haisamehe. Iingie vitunguu vikiwa vimeshalegea. Vitunguu vyenyewe viwe vya dhahabu. Kona zikianza kuwa nyeusi, ondoa hizo kona mara moja.

Zeituni zinazookwa juu ya trei hukauka na kukolea uchungu. Ndiyo maana zinasubiri nje. Pasili ileile: ikipita kwenye oveni inakuwa majani makavu yasiyo na harufu. Kama hukuipata, giligilani mbichi itafanya kazi ya rangi, ila harufu itakuwa ya kwetu.

Maziwa yamekatika

Umefungua mfuniko na kuona madonge. Mara nyingi maziwa yalikuwa yameanza kuchacha bila wewe kujua, au yaliwekwa pamoja na samaki juu ya moto yakachemka. Yapashe peke yake mpaka yaanze kutoa mvuke na mapovu madogo pembeni, zima, ndipo uyamwage juu ya samaki. Kama yameshakatika na harufu ni nzuri, suuza vipande kwa maziwa mengine kidogo, uendelee. Kwa kuwa hayaingii kwenye trei, hasara ni ndogo.

Juu pameungua, au juu hakuna rangi

Ya kwanza ni trei ndogo yenye lundo refu: juu panaungua kabla katikati hapajapata moto. Tumia trei pana, tabaka lisizidi sentimita 5. Ya pili ni chakula kilichoingia kikiwa cha baridi, labda kiliandaliwa asubuhi kikakaa kwenye friji. Kifunike kwa foili nyuzi 180 kwa dakika 20, kisha ukifunue na kupandisha moto. Usitarajie gamba gumu la kahawia. Gomes de Sá hana jibini wala chenga za mkate juu yake, rangi yake ni ya kingo za viazi tu.

Mayai yenye duara la kijani kuzunguka kiini yamechemshwa mno. Dakika 10 zinatosha, kisha maji baridi.

Ukiwa huna bakalau

Dar es Salaam, Nairobi au Kampala si rahisi kumpata. Wengi hukimbilia nguru wa chumvi. Nguru ana mafuta na harufu nzito ya kwake, na maziwa hayamshindi. Atakupa chakula kizuri, lakini si hiki. Nyama nyeupe isiyo na vurugu ni bora: chewa wa miambani, au mnofu mnene wa sangara. Kayabo, sangara wa chumvi anayetengenezwa Mwanza na kupelekwa Kongo, yuko karibu kwa namna ya kuhifadhiwa, ila chagua asiye na manjano ya mafuta yaliyochacha, na umloweke kama bakalau mnene.

Ukianza na samaki mbichi, mzike kwenye chumvi ya mawe ndani ya friji kwa siku moja, msuuze, mloweke saa kadhaa ukionja. Hatakuwa na ile ladha ya miezi ya kukaa ndani ya chumvi, lakini mnofu wake utakaza na kufunguka vipande. Kwake dakika za maji ya moto ziwe nusu, na maziwa nusu saa.

Kiporo kimekauka

Siku ya pili viazi vimenyonya mafuta yote. Hilo si kosa la mtu, na halitibiwi kwa maji. Ongeza vijiko viwili vya mafuta ya zeituni, funika kwa foili, nyuzi 160 mpaka kipate moto katikati. Ureno, mabaki ya bakalau, viazi na kabichi ya mkesha wa Krismasi hukaangwa kesho yake kwa mafuta na saumu nyingi, na kuitwa roupa velha. Trei yako nayo inakubali kikaango namna hiyo, ukiiacha chini ishike ukoko mwepesi kabla ya kugeuza. Kiporo kiingie friji ndani ya saa mbili tangu chakula kitoke kwenye oveni, na kiliwe ndani ya siku mbili au tatu. Ukitumia maikrowevu, toa mayai kwanza, maana yai zima la kuchemsha hupasuka humo.